Naroboti (boti nyembamba ya mifereji) ya mtumba ya 1994, vishimo viko ubavu mmoja tu: ninunue au nikimbie?

#1 Mgeni_wa_Mfereji
Habari zenu wakuu. Niko Milton Keynes mwaka wa sita sasa, kazi yangu kutunza wazee shifti za usiku. Kodi ya chumba imepanda mara tatu tangu nihamie, na kila asubuhi nikitoka kazini napita kando ya mfereji wa Grand Union naziona zile boti nyembamba za chuma zimejipanga, moshi unatoka kwenye dohani, mtu kakaa nyuma na kikombe chake cha chai, roho inaniuma kwa kweli. Basi nimeamua, nataka yangu, ya kuishi humo moja kwa moja.

Nimepata moja ya futi 57, imeundwa 1994, injini ya BMC 1.8, mwenyewe anataka pauni 39,000. Nimeweka amana asilimia 10 kwa sharti la sevei (ukaguzi wa boti), nikalipia ipandishwe chelezoni, sevea akaja na kipimo cha altrasaundi akagonga mwili mzima. Majibu: bamba la chini lilikuwa milimita 10, sasa ni 8.6 hadi 9.1. Ubavu wa kulia ulikuwa 6, sasa 5.4 hadi 5.7. Hapo sina neno. Ila ubavu wa kushoto, kuanzia katikati kwenda nyuma, pale pale kwenye mstari wa maji, kuna vishimo vingi, vingi vina kina cha 1 hadi 1.5 na kimoja kimefika 2.1, kwa hiyo pale chuma kilichobaki ni kama 3.5. Kampuni za bima nilizopigia zote zinataka isiwe chini ya 4.

Sevea kaandika mstari mmoja tu, "huenda ni umeme", akaondoka. Mimi swali langu ni hili: kwa nini upande mmoja? Maana nikijua sababu nitajua kama nikichomelea itaishia hapo au baada ya miaka mitatu niko pale pale na hela yote imeshakwenda. Hii ndiyo akiba yangu yote wakuu.

#2 Kipepeo77
Mkuu unaacha nyumba ya matofali unaenda kuishi kwenye korido inayoelea? Upana wake ukoje, kitanda kinaingia?

#3 Mgeni_wa_Mfereji
Upana futi 6 na inchi 10. Loki (yale malango ya kupandishia na kushushia boti) nyingi za zamani huku kati zina futi 7 tu ndiyo maana zote zimekuwa nyembamba hivyo. Kitanda kinaingia cha futi 4, chumba ninacholipia sasa hv hata hicho hakina nafasi ya kukizunguka.

#4 FundiChuma_Coventry
Poa. Mimi nilikuwa nachomelea meli Mombasa kabla nije huku na sasa boti za mifereji nazijua kwa jina. Hiyo ni umeme wa gatini, sevea hakukosea, shida ni hakueleza.

Iko hivi. Boti ikikaa marina (maegesho ya boti) na waya wa umeme umechomekwa, ule waya wa athi (wa ardhini) unaiunganisha boti yako na boti zote zilizochomekwa pale pamoja na chuma chochote kilichounganishwa na athi. Maji yanakamilisha sakiti. Hapo nyote mmekuwa betri moja kubwa, na mwenye chuma dhaifu ndiye anayeliwa. Anodi za magnesiamu, vile vipande vinavyofungwa mwilini viliwe badala yake, zinatangulia kuisha, zikiisha unaanza kuliwa mwili. Dawa yake ni kifaa kinaitwa aizoleta ya galvaniki, kinafungwa kwenye waya wa athi kuzuia ule umeme mdogo usipite, au transfoma ya kutenganisha kama una hela. Boti ya 1994 nyingi hazikuja nacho. Uliza: ilikaa marina miaka mingapi, aizoleta ipo, na anodi zilibadilishwa lini mara ya mwisho.

Upande mmoja kwa sababu upande huo ulikuwa unatazama ukuta wa chuma wa gati, yale mabamba marefu waliyopigilia ardhini. Chuma kwa chuma, karibu karibu. Kesi imefungwa.

#5 dada_wa_loki
Fundi nakuheshimu lakini kesi haijafungwa. Nimeishi majini miaka minane na boti yangu ya kwanza ilikuwa na hali hii hii na haijawahi kuchomekwa umeme wa gatini hata siku moja, nilikuwa na sola tu. Kilichotokea nilikuwa nafunga upande ule ule kila mara kwa sababu mlango wa pembeni na kibanda cha makaa viko huko, boti nyingine zikipita kwa kasi yako inasugua ukuta mchana na usiku, lami inakwanguka pale kwenye mstari wa maji, chuma kinabaki uchi penye hewa na maji pamoja. Hapo ndipo kutu inapopenda kuliko mahali pengine popote.

Mgeni, uliza ilipigwa lami lini. Ya kawaida ni kila miaka miwili au mitatu. Mwenye boti akikwambia "juzi juzi tu" omba risiti ya chelezo.

#6 NahodhaWaPate
Assalaam aleikum. Ndugu yangu, nyote mwatazama nje. Sisi kwetu tuna msemo, enda tezi enda omo, marejeo ni ngamani. Umefungua mbao za sakafu ukaona ngama, chini kabisa ya chombo, ikoje? Maji ya mvua, maji ya bomba linalovuja, jasho la madirisha wakati wa baridi, yote huteremka chini na boti hizi hukaa zimelalia tezi kidogo kwa uzito wa injini, basi maji hukusanyika nyuma. Na boti ikiwa imeinama kushoto kidogo kwa sababu ya tangi au jiko, maji hukaa kushoto. Chuma chaliwa kutoka ndani, kipimo cha sevea huonyesha unene tu, hakisemi umeliwa upande upi.

Tia mkono pale chini kabisa nyuma. Ukitoka mkavu, nimekosea mimi.

#7 mdau_Luton
Mnamtisha bure. Ina cheti cha Boat Safety? Kama imepita ukaguzi wa kila mwaka basi chuma kizima, serikali haiwezi kupitisha boti mbovu.

#8 dada_wa_loki
@mdau_Luton (#7) hapana, na hii inawaponza watu wengi naomba tuielewe. Kwanza ni kila miaka minne, si kila mwaka. Pili hawapimi unene wa chuma kabisa. Wanaangalia gesi, mafuta, nyaya, jiko, moto, hewa ya kutosha, na tangu Aprili 2019 lazima uwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Boti inaweza kuwa na cheti kipya na tundu la kuingiza kidole. Cheti unakihitaji kupata leseni, sevei unaihitaji kulinda hela yako, ni vitu viwili.

Na hicho king'ora msikichukulie poa. Changu kililia saa tisa usiku Januari, nilikuwa nimefunga kila tundu kwa baridi na dohani imeziba masizi. Nilifungua mlango nikatoka na blanketi nikakaa kwenye theluji nikilia. Mpaka leo nina viwili, kimoja kando ya mto wa kulalia.

#9 Kipepeo77
Aisee pole sana dada.

#10 MwanaKigoma
Mimi siishi kwenye boti ila nasoma nashangaa, boti ya 1994 mnaiita mzee? meli yetu ya Liemba iko Ziwa Tanganyika tangu 1927, maji baridi kama hayo ya mifereji, na imebeba watu na dagaa miaka yote hiyo.

#11 NahodhaWaPate
@MwanaKigoma ni mkongwe zaidi ya hapo ndugu yangu. 1927 ni mwaka ulorudi kazini kwa jina la Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg 1913, wakaifungua vipande vipande, ikaja kwa meli mpaka Dar, kisha reli hadi Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. 1916 wakaizamisha wenyewe isitekwe, na kabla ya kuizamisha injini wakazipaka grisi. Waingereza wakaiopoa 1924. Miaka minane chini ya maji ikatoka ikafanya kazi.

#12 FundiChuma_Coventry
Na hiyo Liemba miaka yote hiyo haikulala gatini kando ya majirani thelathini wote wamechomeka umeme. Mnaniunga mkono bila kujua.

#13 MwanaKigoma
Haya Nahodha nimesahihishwa, ahsante. Nilikuwa najua ya kuzamishwa, ya grisi sikuijua.

#14 maabara_Leicester
Nimechelewa. Nafanya kazi maabara, si fundi, lakini kuna kitu hamjakitaja, bakteria. Wapo wanaoishi kwenye tope na kwenye maji yasiyotembea, wanatengeneza asidi na salfaidi juu ya chuma chini ya ule utando. Dalili zake: uvimbe wa rangi ya chungwa au kahawia kwenye lami, ukiupasua ndani kuna uji mweusi, wakati mwingine unanuka yai bovu, na ukiusafisha shimo la chini linang'aa kama chuma kipya. Kutu ya kawaida haing'ai hivyo.

Ubaya wake ukiosha kwa presha tu ukapiga lami juu wanaendelea kula kwa raha zao chini ya lami. Watu wanaosha kwa presha, kisha maji yenye dawa ya kuua wadudu kama jiki, kisha suuza, ndipo wanapaka. Mgeni, vishimo viling'aa?

#15 Mgeni_wa_Mfereji
Ahsanteni sana wote nimetoka shifti sasa. Majibu kwa mpigo.

Fundi: ilikaa marina moja miaka tisa, umeme umechomekwa muda wote. Aizoleta haipo, nimetafuta. Anodi zipo nne, zimeliwa zimebaki kama mfupa wa kuku.

Dada: risiti ya lami ya mwisho ni ya miaka mitano iliyopita.

Nahodha: nilitia mkono. Kuna maji, si mengi, kama inchi moja, nyuma kushoto. Mwenyewe kasema ni ya kwenye shafti ya injini, inavuja matone ndiyo kawaida.

Maabara: sikuangalia kama vinang'aa, sevea alikuwa amekwangua na kupita. Nina picha moja na kuna kama kimoja kinang'aa lakini ilikuwa jua limetoka.

Na sasa ngojeni. Nimempigia mwenye boti nikamuuliza alikuwa anafunga upande gani. Anasema aliingia kwa omo (mbele) na gati ilikuwa KULIA kwake. Yaani ubavu wenye vishimo ulikuwa unatazama maji, si ukuta.

#16 Kipepeo77
Fundi kesi imefunguliwa tena 😂 na dada pia, ukuta haukusugua kitu.

#17 FundiChuma_Coventry
Sawa, ukuta natoa. Lakini umeme sitoi. Kushoto kwake kulikuwa na nini? Marina zinafunga boti mbili mbili kati ya kila gati. Kama kushoto kulikuwa na jirani miaka tisa, mita moja kati yao, na jirani anodi zake zimekwisha au mwili wake ni chuma tofauti, ni yale yale. Na kuna jambo lingine baya kuliko hilo, waya wa ndani. Kama kuna waya wa betri umechubuka unagusa mwili kwenye hiyo inchi moja ya maji ya Nahodha, umeme wa volti 12 unatoka kupitia chuma, na huo haungoji miaka tisa, miezi unatosha. Mwambie fundi umeme apime kabla hujalipa senti nyingine.

#18 dada_wa_loki
Na mimi sijatoa kusugua kwangu. Kabla ya hiyo miaka tisa ilikuwa wapi? Boti ni ya 1994. Fenda za jirani, yale matairi ya kuzuia kugongana, zinasugua vile vile, mimi nimeona boti ina alama ya matairi ya jirani kama mhuri.

#19 mdau_Luton
Kuhusu #8 nimeelewa, shukrani. Lakini makaratasi je? Nasikia bila ile alama ya CE (ya viwango vya Ulaya) huwezi kuuza wala kununua, boti inakuwa haramu.

#20 MamaJunior_Hackney
Hiyo ya CE ni kwa boti zilizoundwa tangu Juni 1998, ya 1994 haimhusu. Kinachomhusu ni kwamba boti haina hati kama ya nyumba, hakuna daftari la taifa la lazima la kuonyesha nani mmiliki. Kwa hiyo dai risiti za mauziano za nyuma kadiri zilivyopo, ya yeye alivyonunua, leseni zake za Canal & River Trust (shirika linalosimamia mifereji) zina jina gani, na uulize wazi kama kuna mkopo juu yake. Jina la kwenye risiti, kwenye leseni na kwenye kitambulisho lifanane. Likitofautiana usione haya, ondoka.

Halafu hakuna aliyekuuliza swali kubwa kuliko vishimo. Utaifunga wapi?

#21 Mgeni_wa_Mfereji
Nilipanga kutembea tu dada, ile leseni ya kutokuwa na egesho. Egesho la kudumu la kuishi karibu na kazini sijalipata, mengi yanaruhusu kulala wikiendi tu.

#22 mdau_Luton
Hiyo si ile sheria ya 1968, kila wiki mbili unahama?

#23 MamaJunior_Hackney
Ni ya British Waterways ya 1995. Inasema uwe kwenye safari ya kweli na usikae sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, labda kuwe na sababu ya msingi. Na kuhama si kusogea urefu wa boti mbili halafu kurudi. Wanaandika namba yako wakipita, wanaona mwaka mzima umetembea umbali gani. Na tangu Aprili 2024 leseni ya wasio na egesho ina nyongeza juu ya ile ya kawaida, na nyongeza hiyo inapanda kwa awamu.

Mimi nina mtoto wa miaka saba. Nahama kila wiki mbili kati ya mto Lee na mfereji wa Regent's, shule iko pale pale, kuna wiki anatembea dakika tano na kuna wiki tunaamka saa kumi na moja kupanda basi mbili. Sijutii, mtoto anajua kufungua loki na anawajua bata kwa majina aliyowapa mwenyewe, lakini wewe unatoka shifti ya usiku umechoka halafu ni siku ya 14 na upepo unavuma. Boti ya futi 57 upande wa upepo peke yako si mchezo. Fikiria hilo kabla ya milimita.

#24 Mgeni_wa_Mfereji
Nimelisoma mara mbili hilo. Na anwani? Daktari, kura?

#25 MamaJunior_Hackney
Daktari wa kawaida England hatakiwi kukunyima kwa sababu huna uthibitisho wa anwani, wengine wa mapokezi hawajui, waambie kwa upole wamuulize meneja. Kura unajiandikisha kwa tamko la uhusiano na eneo, na sisi wa Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kukaa tunapiga. Benki na leseni ya gari ndio kichwa kinauma, mimi natumia kwa dada yangu.

#26 NahodhaWaPate
Babangu alikuwa na mashua. Kila baada ya miezi michache maji yakipwa ilikuwa yalazwa ubavu ufukweni, yachomwa nje kwa makuti kuua wadudu, kisha chokaa na shahamu chini, na mbao za juu zatiwa sifa ya papa mpaka nyumba nzima yanuka. Sisi watoto ndio wenye kusugua. Alikuwa hatwambii kwa nini, alikuwa asema chombo chaonyesha mwenyewe alivyo. Mimi boti ilokaa miaka mitano bila lami siulizi bakteria wala umeme. Namuuliza mwenyewe.

Na ile inchi ya maji, ilambe. Ikiwa na chumvi ya chakula ni ya jikoni, ikiwa na sabuni ni ya bafu. Ya shafti huwa na grisi juu.

#27 maabara_Leicester
Nahodha usimwambie mtu alambe maji ya ngama tafadhali, humo mna dizeli na panya. Anuse tu, au atie kwenye chupa nyeupe aangalie.

#28 NahodhaWaPate
Haya, anuse.

#29 FundiChuma_Coventry
Upande wa hela tusimwache hewani. Vishimo vichache vya kina vinaweza kujazwa kwa kuchomelea kimoja kimoja. Vikiwa vingi mfululizo, wanabandika bamba jipya juu ya la zamani, urefu wote ulioharibika. Bima wengi wanalikubali likiwa limefanywa vizuri, ila mimi silipendi kwa sababu mbili, linaongeza uzito upande mmoja, na maji yakiingia katikati ya bamba mbili hutayaona tena. Na ndani nyuma ya ubavu ule kuna insulesheni. Ikiwa ni povu la kupulizia, joto la kuchomelea linaweza kuliwasha, wanatakiwa wavunje mbao za ndani kwanza na mtu akae ndani na maji. Fundi akikwambia "hakuna haja" tafuta mwingine. Nimeshuhudia kabati ikiungua kwa hilo.

Kwa hiyo bei ya kazi si bamba tu, ni bamba na seremala.

#30 Mgeni_wa_Mfereji
Nimeongea na mwenyewe leo. Kashusha mpaka 33,500 kwa hali ilivyo, au 37,000 achomelee yeye kwa fundi wake.

#31 FundiChuma_Coventry
Usikubali fundi wake.

#32 dada_wa_loki
Usikubali fundi wake. Hapo mimi na Fundi tuko pamoja.

#33 maabara_Leicester
Na usikubali yoyote kabla sababu haijajulikana. Akibandika bamba juu ya bakteria au juu ya waya unaovuja umenunua kifuniko.

#34 mdau_Luton
Swali la mjinga, mashine ya kufulia na bafu vinatoa maji upande gani? Boti ya rafiki yangu chini ya lile tundu la kutolea maji lami yote imebabuka, maji ya moto na sabuni kila siku.

#35 Mgeni_wa_Mfereji
Kushoto. Bafu katikati, mashine nyuma yake.

#36 dada_wa_loki
Mdau, si swali la mjinga hilo.

#37 FundiChuma_Coventry
Lakini sabuni haitembei futi 25 kwenda nyuma. Itababua pale chini ya tundu tu.

#38 mdau_Luton
Boti ikitembea maji yanarudi nyuma.

#39 FundiChuma_Coventry
Ilikaa marina miaka tisa, ilitembea wapi?

#40 Mgeni_wa_Mfereji
Nimekubaliana naye amana ibaki na boti ipandishwe tena Alhamisi, nalipia mimi. Nimepata sevea mwingine, huyu hajui yule wa kwanza kasema nini na sitamwambia. Fundi umeme anakuja saa nne kupima waya kabla haijatoka majini. Nitakwangua mwenyewe vishimo vitano kwa brashi ya waya nione vinang'aa au having'ai, nitafungua sakafu yote ya nyuma, na nina chupa nyeupe ya Nahodha na maabara. Picha nitaweka hapa jioni. Fundi, Coventry si mbali, kama una nafasi nitakupikia.

#41 FundiChuma_Coventry
Alhamisi niko. Pilau.